Tarishi Aliyeezua Nyumba kwa Ajili ya Jino

Ukimwona Tarishi anaingia Chaani mbio mbio, kofia mkononi, ulijua kuna mtu amekufa au kuna mwanamke amepigwa, na ulijua pia huna muda mrefu wa kuficha vyombo vyako. Si kwamba alikuwa mwizi. Sijapata kuishi karibu na mtu mwaminifu kama yeye, na uaminifu wenyewe ndio uliotusumbua. Alikuwa tarishi wa baraza la wazee pale Changamwe, kazi yake kupeleka wito na kuwaita mashahidi. Kukusanya ushahidi hakutumwa na mtu. Kazi hiyo alijipa mwenyewe. Na kwa kuwa baraza halikuwa hata na kabati, ushahidi wote ulilala nyumbani kwake, na nyumba yake ilipakana na yangu.

Ulipoingia kwake ulipokewa na milango iliyoegemezwa ukutani, isiyofungua popote. Aliing'oa katika nyumba ambamo wake walifungiwa wakapigwa. Juu ya kabati palikuwa na kigoda kilichovunjikia kichwani mwa mtu. Uvunguni mwa kitanda, fimbo, mikanda na michi. Kila kitu kilifungwa kitambaa: chekundu kama aliyepigwa alipona, cheusi kama hakupona. Mkewe, mwanamke mpole ambaye sijui alimkosea nani, alikuwa akija kwangu kuazima mchi wa kutwangia mahindi.

"Mama Sidi, ile ya ndani imeua," aliniambia. "Siwezi kuwapa watoto ugali wake."

Tarishi alikuwa na neno lake alilolirudia mpaka watoto wakalishika: "Mtu huapa, mchi hauapi." Alikuwa ameketi barazani miaka mingi akiwasikiliza watu wakiapa kwa Biblia, kwa hirizi, kwa vichwa vya watoto wao, kisha wakisema uongo uliokomaa. Tangu hapo neno la mtu kwake lilikuwa upepo. Ukimwambia lisemwalo lipo, alikasirika kabisa. "Lipo wapi? Nipeleke nilione!" Hata kanisani, siku mhubiri aliposimulia habari za Tomaso aliyekataa kuamini mpaka atie kidole katika majeraha, Tarishi alisimama akasema kwamba kati ya wanafunzi wote, huyo peke yake ndiye aliyefanya kazi. Mhubiri hakusimulia tena habari hiyo mpaka alipohamishwa.

Hebu nieleze ya paka. Mzee mmoja wa jirani alikula wali na samaki kwa mpwawe, jua halijatua akawa amekata roho. Watu wakaanza kunong'ona sumu. Tarishi akaja, akachukua chungu na mabaki yake, akakataza kisioshwe mpaka baraza likae. Baraza halikuwa karibu kukaa. Harufu ya samaki yule iliruka ukuta ikakaa kwangu kama mgeni asiyejua kuaga. Kisha paka wa mtaani akafunua chungu akala mpaka akajilamba masharubu. Mtu mwingine angempiga jiwe. Tarishi alifurahi, akamkamata, akamfunga kitambaa cheusi shingoni, akaketi mbele yake kumngoja afe.

Paka hakufa. Siku ya baraza alimpakata mbele ya wazee akasema, "Huyu alikula kile kile." Wazee wakamwachilia mpwa aende zake.

"Na paka?" wakauliza.

"Paka bado," akasema Tarishi. "Kuna sumu za polepole."

Paka yule aliishi kwake miaka, akazaa, akapata wajukuu, na kila ukimuuliza Tarishi alikujibu kwamba hali yake bado ni ya kuangaliwa.

Sijui nicheke au nilie nikikumbuka habari ya nyayo. Kibarua mmoja alikutwa amekufa karibu na reli. Tarishi aliona nyayo mchangani, akazifunika kwa teo za kupetea mchele alizozitoa majikoni mwetu, wangu ukiwemo. Mvua ilipotishia alikaa pale na mwavuli kama bibi harusi. Sisi tuliokwenda kisimani ilibidi tupite porini, kwenye upupu, na mtaa mzima ukawa unajikuna. Akawaita wanaume wote, kila mmoja akanyage kando ya unyayo, na hakuna mguu uliolingana. Mwisho mkewe alimletea chakula, akainama, akatazama, akasema kwa upole wake, "Baba Jumwa, si ule mguu wako wenye kidole kilichompanda mwenzake?"

Akaweka mguu. Ukaingia sawasawa.

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Yeye hakucheka. Alikwenda kwa wazee akaomba wito dhidi yake mwenyewe, akaupokea, akaubeba mpaka kwake, akajikabidhi, na siku ya siku akasimama barazani kueleza alikuwa wapi. Wazee walimhoji huku wameziba vinywa. Baadaye ilijulikana marehemu aligongwa na gari moshi, lakini teo zetu hazikurudi mpaka mchele wa msimu ule ulipokwisha.

Vita vyake vikubwa, hata hivyo, vilikuwa na sisi wanawake. Desturi yetu, mtu akifa, kabla wageni hawajafika uwanja unafagiwa, matandiko yanatolewa nje, na sakafu inakandikwa udongo upya, maana ni aibu waombolezaji kukalia vumbi la nyumba. Tarishi aliliona jambo hilo kama uadui. Aliingia akihema, mikono ameitanua, akilia, "Mnafuta! Mnafuta kila kitu!"

"Tarishi, wageni wakae kwenye vumbi?"

"Wakae! Vumbi linajua!"

Nimepata kukandika sakafu nikimzunguka, naye amesimama katikati hataki kutoka, mpaka pakabaki kisiwa cha udongo mkavu chini ya miguu yake. Tulimpa chakula pale pale. Alipochoka alitoka, nasi tukakimalizia kisiwa.

Kwa kuwa kufika kwake kulimaanisha kifo, hakuweza kwenda kumtazama mgonjwa. Watu walikuwa wakimwona mlangoni wanaanza kulia. Bibi mmoja aliyekwisha agana na watoto wake alifungua macho, akamwona Tarishi amesimama na kofia mkononi, akaketi kitandani. "Sijafa! Nenda zako!" akasema, kisha akaomba uji. Baada ya hapo kuna waliomfuata kwa makusudi, aje awasimamie wagonjwa wao mlangoni.

Na bado mtu huyu, aliyebeba michi yenye damu begani bila kukunja uso, hakuweza kumchinja kuku. Mkewe aliniletea mimi. Asiyeamini neno la mtu yeyote aliwaamini wachuuzi wote wa dawa waliopita Changamwe, akanunua za mgongo, za macho, na moja ya kumtuliza paka. Kofia yake aliitafuta asubuhi nzima akiwa ameivaa. Nilikuwa nikimwambia, "Tarishi, ushahidi uko kichwani," naye alijipapasa kwa uangalifu kabla ya kuniamini.

Nimemcheka sana, na Mungu akinipa uhai nitamcheka tena. Lakini sasa nifike kwa mdogo wangu Kadzo.

Kadzo aliolewa hapo hapo Chaani, upande wa kuelekea maji. Mumewe jina lake silitii kinywani mwangu. Nitamwita shemeji, na hata hilo ni heshima kubwa kwake. Asubuhi moja Kadzo alinijia mdomo umevimba, leso imelowa damu, jino la juu la mbele halipo. Hakuwa amekaa vizuri shemeji akabisha hodi, mwenye tabasamu.

"Shemeji, za asubuhi? Mwenzangu ameanguka kisimani, kisha akakimbia kwa aibu. Nimekuja kumchukua."

Kadzo alikuwa nyuma ya mlango wangu. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Dada, nikirudi kule nitatoka nimebebwa."

Sikumpa. Shauri likaenda barazani, maana kwetu mke aliyekimbia bila sababu inayoonekana hurudishwa kwa mumewe, na wazee ndio waamuzi wa kinachoonekana. Huko shemeji alibadilisha maneno. "Hilo pengo nilimwoa nalo," akasema. Asubuhi alianguka kisimani, mchana aliolewa hana jino! Njia ya mwongo ni fupi, lakini wazee walikuwa tayari kumsindikiza. Mwenyekiti alimtazama Kadzo kwa huruma akasema, "Mwanangu, pengo si ushahidi. Pengo hata mimi ninalo." Akafungua kinywa tuone. Mzee wa kando naye akafungua chake. Punde baraza zima lilikuwa limeachama, kila mmoja akisimulia jino lake lilitokaje, huyu muwa, yule embe bichi, na mdogo wangu amesimama mbele yao anatema damu kwenye leso. Nilitamani niwasaidie kuyatoa yaliyobaki.

Tarishi ndiye aliyekohoa. "Wazee wangu, na jino lenyewe likipatikana?"

Wakashauriana. Jino likiletwa, na likiwa bichi lina mzizi wake, basi mume amesema uongo, na mke atabaki kwao. Lisipoletwa kufikia kikao kijacho, Kadzo atarudi.

Tulitoka moja kwa moja, Tarishi mbele, mimi nyuma yake, mpaka nyumba ya shemeji, alimoishi na mamake, mavyaa wa Kadzo. Alikuwa mama mzee, mwenye adabu zake, akatukaribisha jamvi.

"Shikamoo, mama. Kuna jino liliangukia hapa."

"Marahaba, mwanangu. Liliangukia pale mlangoni. Nimelirusha."

"Ulilirusha wapi?"

"Juu," akasema, akimshangaa. "Jino hurushwa wapi?"

Ni kweli kwetu jino la mtoto likitoka hurushwa juu ya paa, mjusi alichukue amletee jingine. Likiachwa chini likakanyagwa, mtoto atabaki kibogoyo. Tarishi akamweleza kwamba Kadzo si mtoto, wala jino halitaota.

"Jino ni jino," akasema mavyaa. "Nisingeliacha likanyagwe, hata kama ni la mke wa mtu."

Tarishi alirudi nyuma hatua chache, akalitazama paa la makuti, pana, jeusi kwa moshi, limeezekwa juu ya makuti ya zamani tabaka kwa tabaka. Nilimfahamu vya kutosha. Nikajua nyumba imekwisha.

Siku ya kuezua, Chaani nzima ilikuja. Wanaume walipanda, wakawa wanatoa kuti moja moja kama alivyowaamuru, wanalishusha kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Sisi tulipanga foleni tukabeba mpaka uwanjani kwa Tarishi. Shemeji alikuwa anazunguka akipiga kelele, "Nyumba yangu! Watu wa Mungu, nyumba yangu!"

"Si nyumba tena," alimjibu Tarishi bila kugeuka. "Ni ushahidi."

Siku zile ndipo masika yalipoanza. Shemeji alikaa ndani ya kuta zake na mvua ikimnyeshea kichwani, na sijaona mvua iliyonifurahisha kama ile. Mavyaa hakukubali. Alijifunga leso yake, akajitwika godoro, akaja akakaa barazani kwa Tarishi. "Lilipo paa langu nipo mimi," akasema. Mke wa Tarishi alimtazama, akaitazama milango, akamtazama paka, akaenda kuongeza maji ya ugali.

Basi tukawa tunakung'uta. Kila kuti lilipigwapigwa juu ya jamvi, masizi yanatujaa puani, nge wanakimbia, na meno yakaanza kudondoka. Madogo, ya maziwa, mengi kuliko tulivyodhania, ya watoto wote waliokulia nyumba ile. Mavyaa alisogea karibu. Alikuwa amefurahi kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Hili la mwanangu wa kwanza, alilia sana. Hili la pacha. Hili, hili la marehemu dada yangu, tulilirusha pamoja."

Tarishi aliyapanga juu ya kitambaa kwa heshima zote. Kisha likaanguka la Kadzo. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Lilikuwa jino zima la mtu mzima, mzizi wake mrefu, damu imekaukia pembeni. Kadzo alilishika akalia, nami nikapiga kigelegele, na wanawake wakanipokea. Alikuwa amepona. Tungeweza kuacha hapo. Lakini Tarishi alisema makuti hayajaisha.

Karibu na mwisho, kuti moja likatoa jino jingine la mtu mzima. Lilikuwa limechongwa ncha.

Vigelegele vilikoma vyenyewe. Kila mwanamke pale alimkumbuka Nduku. Alikuwa mke wa kwanza wa shemeji, Mkamba aliyeteremka pwani na wenzake kutafuta kazi, na meno yake ya mbele yalikuwa yamechongwa makali kama ilivyo desturi ya wazee wa kwao. Alipocheka ulimpenda. Tuliambiwa amekufa kwa homa. Alizikwa siku ile ile, na Tarishi alipofika sakafu ilikuwa imekwisha kauka.

Alilitia jino katika kiganja chake, akalisogeza mbele ya mavyaa kama alivyokuwa akiyasogeza yale mengine.

"Na hili, mama?"

"Hilo nalo nililirusha mimi," akasema mavyaa, kwa sauti ile ile ya furaha. Mkono wake ukabaki hewani. Alitutazama sote, mmoja mmoja. "Alimpiga jioni," akasema. "Asubuhi hakuamka."

Kikao kilichofuata wazee hawakufungua vinywa kuonyesha kitu. Kadzo alibaki kwangu, akauza mahamri na mbaazi kwa vibarua wa Changamwe, na hakurudi kwa mtu yeyote. Shemeji hakuja. Vita vya Wazungu vilikuwa vimepamba moto, wanaume wanaandikishwa mjini, naye alikwenda akajiandikisha. Nilisikia watu wakimsifu kwa ushujaa. Alikimbilia kwenye mizinga kwa kuogopa jino.

Tarishi alivuka Makupa kwa miguu, akalipeleka jino kwa Mzungu wa polisi. Mzungu alilitazama, akamtazama yeye, akamwambia kesi ya kifo haiwezi kusikizwa mshtakiwa akiwa vitani, atakaporudi, wataona. Kwa sasa atunze. Nadhani alisema hivyo ili apate kunywa chai yake. Hakujua amemwambia nani. Tarishi alilifunga jino kitambaa cheusi, akalitia katika kijaluba cha ugoro, na kijaluba katika mfuko wa kifuani, na tangu hapo alilala na shati.

Paa halikurudishwa, kwa kuwa kesi haikuisha. Mavyaa alikaa barazani kwa Tarishi mpaka bintiye alipomchukua, na kila mtu aliyepita akimuuliza, alimwambia lile lile alilotuambia sisi. Vita vilikwisha. Wanaume wakarudi na makoti mazito yasiyofaa joto letu. Tarishi alikwenda stesheni kuwatazama wakiteremka. Shemeji hakuteremka. Wengine walisema alikufa, wengine walisema ameoa huko huko, na Tarishi aliwauliza wote, "Umeona?" Hakuna aliyeona.

Kisha baraza likahamishwa, akaja karani mpya, akamwambia takataka zote zitupwe. Tarishi hakutupa. Alizunguka kijiji kwa kijiji akirudisha milango na michi, na kanuni yake ilikuwa kwamba mwenyewe akieleze kitu chake kwanza kabla hajakiona. Kuna waliomfukuza. Mimi nilieleza uteo wangu mwingine mpaka tundu la panya.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa mazungumzo marefu ilikuwa pale stesheni ya Changamwe. Nilikuwa nimepeleka mahamri ya Kadzo, nikamwona anateremka kwenye gari la bara, mwembamba, mvi zimejaa, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, Tarishi. Umetoka wapi wewe?"

"Marahaba, Mama Sidi. Ukambani. Nilikwenda kwa mamake Nduku."

Tuliketi kwenye benchi. Aliniambia alimtafuta mama yule soko kwa soko mpaka akampata, kizee, haoni vizuri. Hakumfungulia kijaluba. Alimwambia amekuja na kitu cha mwanawe, akieleze.

"Naye hata hakuniuliza ni kitu gani. Alisema, kama ni jino, la juu, la kushoto, ncha yake imepinda, kwa sababu siku ya kuchongwa alitikisa kichwa, na mimi ndiye niliyekuwa nimemshika."

"Lilikuwa limepinda?"

"Nimekaa nalo miaka yote hii, Mama Sidi, sikuwa nimeona. Nilifungua nikatazama. Limepinda."

Gari likapiga honi likaondoka kuelekea kisiwani, tukangoja lipite.

"Alilifunga kwenye pindo la nguo yake," akasema. "Kisha akaniuliza neno moja tu. Akaniuliza kama mwanawe aliumia."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia hakuumia. Nikamwambia alilala usingizi, hakusikia kitu."

Nilimtazama. "Nani alikwambia hivyo, Tarishi?"

"Hakuna," akasema. "Hakuna aliyeniambia."

Nikalia pale pale stesheni, mbele za watu, na sinia la mahamri magotini.